Kufua taulo za maikrofaiba za gari: beseni au mashine, sabuni ya unga au ya maji, jua au kivuli

Mwaga kijiko kimoja cha maji juu ya boneti. Chukua taulo yako ya kukaushia gari, ilaze juu ya maji hayo bila kuikandamiza, kisha ivute taratibu. Taulo iliyo hai inaondoka na maji yote. Iliyokufa inayasukuma mbele na kuacha mchirizi nyuma, kana kwamba umepitisha mfuko wa plastiki.

Mimi jaribio hilo nilifanyiwa na kijana ninayefanya naye kazi, miaka kadhaa nyuma, kwenye kibanda chetu cha kuoshea magari Tabata, Dar es Salaam. "Bosi, hizi zimekufa. Zinasukuma maji tu." Nilibisha. Zilikuwa na miezi minne, na hakuna jioni tuliyolala bila kuzifua: sabuni ya unga tele, maji ya kisima, na mwisho kifuniko kimoja cha kilainisha nguo ili mteja akisogea anuse kitu kizuri. Ilinichukua muda kukubali kwamba hazikufa kwa kuchakaa. Zilikufa kwa kushiba. Sabuni, chokaa na yale mafuta ya kilainisha vilikuwa vimejaa mahali ambapo maji yalitakiwa kuingia.

Kwa hiyo ulinganisho huu una kipimo kimoja. Njia yoyote ya kufua nitakayoiweka hapa, ya bei mbaya au ya bure, naiuliza swali lile lile: ikimaliza kazi, inaacha nini ndani ya uzi?

Uzi wenyewe

Maikrofaiba ni poliesta iliyochanganywa na poliamide, ambayo ni nailoni. Kwenye lebo utaona 80/20 au 70/30. Namba kubwa ni poliesta. Poliesta ndiyo mifupa, poliamide ndiyo inayopenda maji. Uzi wake ni mwembamba kiasi kwamba kilomita 9 za uzi mmoja hazifikishi gramu 1. Tena kiwandani uzi huo hupasuliwa, hivyo ukiukata na kuutazama kwa darubini unaona kama vipande vya chungwa lililomenywa, vimeachana kidogo. Kwenye zile nafasi kati ya kipande na kipande ndiko maji hukaa. Ndiko vumbi hunaswa. Na ndiko sabuni isiyosuuzwa hujificha.

Kitambaa hiki hakikuzaliwa gereji. Mjapani Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray alifanikiwa kutengeneza nyuzi nyembamba za namna hii mwaka 1970, na bidhaa iliyotokana nazo, Ultrasuede, ilikuwa ya mavazi na samani, ya kuiga ngozi laini ya mnyama. Magari yalikuja baadaye.

Namba nyingine ya kuangalia ni uzito kwa mita ya mraba. Gramu 200 hadi 300 ni kitambaa chepesi, cha vioo na dashibodi. 350 hadi 500 ni cha kufuta waksi. Kuanzia hapo kwenda juu, hata kupita 1,000, ni taulo nene za kukaushia. Hizi nene ndizo zinazodanganya watu: juu zimesuuzika, ndani bado povu. Ukifua taulo ya gramu 1,000 kwa mazoea ya kitambaa cha gramu 250, umeifua nusu.

Maji ya bomba, ya kisima au ya mvua

Watu hukimbilia kuuliza sabuni. Mimi naanza na maji, maana sabuni unaweza kubadilisha kesho, maji ya mtaa wako huwezi.

Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka mto Ruvu. Ya Nairobi hutoka milimani Aberdare, kwenye mabwawa kama Ndakaini na Sasumua, na ni maji laini. Mtu wa Nairobi mwenye bomba linalotoka anaweza kuruka sehemu hii. Shida ni sisi wa visima. Hapa pwani, tangu Dar hadi Mombasa, kisima kinakupa kile tunachokiita kwa jina moja "maji ya chumvi", na jina hilo linaficha matatizo mawili tofauti.

La kwanza ni chumvi yenyewe, ile ya kuonja mdomoni. Hii inayeyuka, inasuuzika, na ikibaki kidogo inaondoka kwenye maji mengine. La pili ni chokaa na magnesi. Hayo huyaonji, ila unayaona: birika la chai linaota ukoko mweupe ndani, sabuni inagoma kutoa povu, na bomba la bafuni linaganda. Chokaa hii ndiyo adui wa taulo. Ikikutana na sabuni ya mche inatengeneza utando mzito kama nta. Ikikutana na magadi yaliyomo kwenye sabuni nyingi za unga, inageuka chembe ngumu nyeupe. Ukianika, zinakaukia ndani ya uzi. Ndiyo maana taulo inatoka kambani imekakamaa kama samaki mkavu.

Kwa hiyo, kama birika lako lina ukoko, fanya hivi: fua na suuza mara ya kwanza kwa maji ya kisima, usione tabu, halafu tunza ndoo moja ya maji ya bomba au ya mvua kwa suuzo la mwisho tu. Lita 10 zinatosha taulo sita hadi nane. Masika naweka pipa chini ya mfereji wa bati, na siachi mtu ayachote kwa kazi nyingine. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi naiacha ipite, maana inaosha bati lote, vumbi na kinyesi cha ndege.

Huna bomba wala mvua? Siki nyeupe. Nusu kikombe cha chai, kama mililita 100, kwenye lita 10 za maji, loweka dakika 15 hadi 20, kisha suuza. Siki ni asidi nyepesi, inayeyusha chokaa na kuondoa mabaki ya sabuni yenye magadi. Haiondoi waksi wala grisi, na wanaoimwaga kwenye taulo yenye polishi wakitarajia muujiza wanapoteza siki. Jambo moja halina mjadala: usiichanganye na Jik, hata kidogo, hata kwenye beseni ambalo halijasuuzwa. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ni sumu ya mapafu.

Sabuni

| Sabuni | Inachoondoa vizuri | Inachoacha | Inafaa wapi |
|---|---|---|---|
| Ya mche | Uchafu wa kawaida | Utando, hasa kwa maji ya kisima | Matambara ya injini |
| Ya unga | Uchafu, jasho, grisi kiasi | Chembe zisizoyeyuka, magadi, manukato | Beseni, ikiyeyushwa kwanza |
| Ya maji ya kufulia | Uchafu na mafuta | Kidogo sana ikisuuzwa | Beseni na mashine |
| Ya kuoshea vyombo | Waksi, mafuta, grisi | Povu lisiloisha | Beseni tu |
| Maalumu ya maikrofaiba | Polishi, waksi, uchafu | Karibu hakuna | Kote |

Sabuni ya mche sitaipotezea muda. Ni nzuri kwa kola ya shati, si kwa taulo itakayogusa rangi ya gari.

Ya unga ina kesi ndefu zaidi kwa sababu ndiyo iliyopo kila duka, hadi kwa vipakti vidogo. Sisemi haifai. Kosa letu lilikuwa kunyunyizia unga juu ya taulo zilizolowa kisha kufikicha. Chembe ambazo hazijayeyuka zinaingia kwenye manyoya na kukaa. Yeyusha kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, koroga hadi usisikie mchanga ukipitisha vidole chini ya beseni, ndipo utie taulo. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 10 kinatosha. Najua kitaonekana kidogo. Tumezoea kupima usafi kwa urefu wa povu. Halafu kumbuka, unga uliotengenezwa kwa kufulia kwa mkono hutoa povu jingi, na mashine ya mlango wa mbele hailipendi.

Sabuni ya maji inahitaji tahadhari ya lugha, maana kwetu jina hilo ni vitu viwili. Kuna ile ya kiwandani ya kufulia nguo, na kuna ile ya wajasiriamali, inayouzwa kwa kidumu cha lita 5, rangi ya kijani au pinki, inayonukia hadi barabarani. Ya kiwandani, isiyo na kilainisha ndani yake (soma lebo, nyingine huunganisha viwili kwa kimoja), ndiyo chaguo langu la kila siku: mililita 15 kwa beseni la lita 10. Ya wajasiriamali ninainunua na kuitumia kuoshea magurudumu, lakini kwa taulo inanipa wasiwasi. Msingi wake ni asidi ya salfoniki ambayo mtengenezaji huipoza makali kwa magadi au kostiki soda, na uzito wake mara nyingi hutokana na chumvi. Mtengenezaji mzuri anapima asidi ikapoa sawasawa. Mwingine anakadiria kwa macho. Mikono ikikuwasha baada ya kufua, ni hiyo sabuni, na taulo nazo zimeionja.

Ya vyombo ni fundi wa waksi. Taulo iliyofuta waksi ngumu, ilowekwe nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu na kijiko kidogo cha sabuni hiyo, ndipo iingie kwenye kufua kwa kawaida. Kwenye mashine usijaribu. Nilijaribu nyumbani, povu likatoka kwenye droo ya sabuni kama mtori uliofurika, na mke wangu bado ananikumbusha.

Je, sabuni maalumu ina thamani ya bei yake? Zile kama Rags to Riches ya P&S au Microfiber Wash ya Chemical Guys zimetengenezwa bila vilainisha wala vitu vya kung'arisha nguo nyeupe, na zinalegeza mabaki ya polishi vizuri. Ukiwa na gari moja na taulo kumi, jibu langu ni hapana. Nunua taulo mbili zaidi kwa pesa hiyo. Ukiwa unapiga polishi magari ya watu, taulo zako zinarudi kila siku zimejaa polishi, na saa za kijana wako zina gharama, hapo chupa inaanza kujilipa.

Kilainisha nguo hakimo kwenye jedwali kwa makusudi. Kazi yake ni kubaki. Kimetengenezwa kushikamana na uzi na kuufunika utando laini, na nguo ikawa nyororo kwa sababu hiyo. Kwenye maikrofaiba utando huo unaziba nafasi zote, na kwenye kioo unaacha ukungu wa mafuta unaouona usiku taa za gari la mbele zikikupiga. Jik nayo inakula poliamide. Zote mbili, hapana.

Beseni au mashine

Nimetumia vyote, na bado navitumia. Kila kimoja kina kosa lake ambalo watu hawalioni.

Kosa la beseni ni mchanga. Taulo iliyofuta gari lililotoka barabara ya vumbi ina chembe za mchanga, na mchanga wetu kwa sehemu kubwa ni kwazi, jiwe gumu kuliko ile vanishi inayofunika rangi, ambayo mafundi rangi wanaiita klia. Ukifua, mchanga unashuka chini ya beseni. Vizuri kabisa. Halafu tunafanya nini? Tunainamisha beseni, tunamwaga maji huku tumezuia taulo kwa mkono, na maji yote machafu yanachujwa na zile taulo tulizokwisha kuzisafisha. Mchanga unarudi nyumbani. Zitoe taulo kwanza, moja moja, kwa kuziinua juu, ziweke kwenye beseni la pili, ndipo umwage maji. Ni badiliko la sekunde chache, na kama utachukua jambo moja tu kutoka humu kuhusu beseni, chukua hili.

Jingine ni mikono. Brashi ya kufulia inavuta vitanzi vya uzi na kung'oa manyoya. Kufikicha kitambaa kwa kitambaa, kama unavyofikicha kwapa la shati, kunafanya vivyo hivyo polepole. Taulo hizi unazikanda, unazibonyeza chini na kuziachia, kama unga wa chapati. Kukamua pia si kusokota hadi mishono ilie. Bonyeza maji yatoke, au viringisha taulo mbili pamoja na kubana.

Upande wa faida, beseni linakupa kuloweka kwa muda unaotaka, linakuonyesha rangi ya maji, na halitumii umeme. Suuza hadi maji yawe maangavu na taulo isitoe utelezi ukiibana. Kwa nene ni suuzo tatu, mara nyingine nne. Beseni lenyewe liwe la kazi hiyo tu. Likishafulia kanga mpya au suruali ya jinzi, linabaki na nyuzinyuzi za pamba, na maikrofaiba inazikusanya zote na kwenda kuzipanda kwenye gari jeusi la mteja.

Mashine ya mlango wa mbele kosa lake ni ubahili wa maji. Inafua vizuri kwa maji machache, ila kusuuza ni kwa kubana matumizi, na taulo nene hutoka na sabuni. Dawa yake ni kitufe cha kuongeza suuzo, kama kipo. Kama hakipo, ikimaliza irudishe kwenye mzunguko wa kusuuza pekee. Nyuzijoto 40, pipa lisizidi theluthi mbili, sabuni ya maji nusu ya ile uliyozoea kwa nguo. Kabla ya kuanza, pitisha kitambaa kwenye ule mpira wa mlangoni, kwani ndimo nywele, manyoya ya paka na nyuzi za shuka hujikusanya. Mashine ya kufungulia juu hutumia maji mengi zaidi na husuuza vizuri, lakini zenye nguzo ya kuzungusha katikati huvuta taulo ndefu na kuzikunja kama kamba ya meli.

Kuna ya tatu, ambayo mabingwa wa Ulaya na Marekani huizungumzia kwa nadra: ile ya matangi mawili, tangi la kufulia na tangi la kukamulia, unayojaza kwa ndoo. Kwa kibanda cha kuosha magari hii ndiyo mfalme, nasema bila kusita. Unaamua wewe maji kiasi gani na mara ngapi. Bomba likikatika unaendelea na madumu. Tangi la kukamulia linatoa maji, na pamoja nayo sabuni iliyokuwa imejificha, kwa nguvu ambayo mkono hauna. Kamua baina ya kila suuzo, si mwishoni tu, utashangaa povu linalotoka kwenye taulo ulizodhani safi. Mashine hii ina mtego mmoja: mazoea ya kutumia maji yale yale kwa mafungu matatu, nyeupe kwanza, za rangi baadaye, ovaroli mwisho. Kwa nguo sawa. Kwa taulo za gari, fungu la pili linafuliwa kwenye mchanga wa fungu la kwanza.

Sasa kuchagua. Mwenye gari moja, anayeliosha Jumamosi na kufua taulo nne au tano: beseni, wala usijisumbue. Mwenye mashine ya mlango wa mbele nyumbani: itumie kwa taulo za kukaushia na za ndani, lakini za rimu na za polishi zibaki kwenye ndoo nje, kwa amani ya ndoa na kwa usalama wa shuka za watoto. Anayefua taulo 20 na zaidi kwa siku: matangi mawili, na kijana mmoja aliyefundishwa kuinua taulo kabla ya kumwaga maji.

Moto au baridi

Maji ya bomba ya pwani yana uvuguvugu wake, na kwa uchafu wa kawaida yanatosha. Arusha, Iringa au Limuru, alfajiri maji yanauma, na waksi haitoki kwenye maji yanayouma. Ongeza ya moto hadi mkono uvumilie, kama nyuzijoto 40. Sitapita 60. Poliesta huanza kulegea kati ya 70 na 80, muda mrefu kabla ya kuyeyuka, na ncha za manyoya zikilegea zinajikunja, zikipoa zinakaa hivyo hivyo. Taulo inakuwa na mguso wa kukwaruza ambao hakuna siki itakayouondoa. Utasikia kwamba hospitalini vitambaa vya maikrofaiba hufuliwa kwa maji ya 90. Ni kweli vipo vilivyotengenezwa kwa hilo, vifupi na vigumu, na lengo ni kuua vijidudu. Hakuna anayevifutia klia ya gari.

Pasi? Hapana, na kuchemsha kwenye sufuria kama nepi za zamani, hapana.

Jua, kivuli, mashine ya kukaushia

Mashine ya kukaushia ikiwa na joto la chini kabisa, au hewa bila moto, ndiyo inayotoa taulo laini kuliko zote, kwa sababu inazirusha na kuyasimamisha manyoya. Wengi wetu hatuna. Tuna kamba, na kamba inatosha, isipokuwa swali la jua.

Jua la saa saba mchana linakausha haraka, na kwa taulo inayokauka kwa saa mbili si tatizo kubwa. Tatizo ni kuziacha huko hadi jioni, kila siku, mwaka mzima: nailoni haivumilii miale ya jua, inakuwa kavu na kukatika. Kivuli chenye upepo, kibarazani au chini ya paa la bati lililo juu, ni bora kwa nyuzi na pia kwa vumbi, maana kamba ya nje iliyo karibu na barabara ya changarawe inazitia mchanga upya kabla hazijakauka. Msimu wa kusi, pepo zikivuma, mimi naanika ndani kabisa. Kabla ya kutundika, kung'uta taulo mara tano sita kwa nguvu, na ikikaribia kukauka ikung'ute tena. Hiyo ndiyo mashine yetu ya kukaushia.

Usizikunje zikiwa na unyevu. Pwani hii, usiku mmoja ndani ya ndoo yenye kifuniko unatosha zinuke uvundo.

Mafungu

Kwa mtu wa gari moja mafungu mawili: zinazogusa rangi na vioo, na zinazogusa mengine yote. Kwa kibanda, manne, kila moja na rangi yake ya taulo ili asiwepo wa kusingizia kusahau: kukaushia, polishi na waksi, ndani, na rimu. Vumbi la breki lina chembe za chuma zinazong'ang'ania uzi. Taulo iliyoshika rimu haipandi tena juu ya bodi, hata ikifuliwa mara saba. Iliyodondoka chini inahesabiwa imehamia fungu la rimu mpaka ifuliwe na kukaguliwa. Safari ya uzee nayo ni hiyo hiyo: kutoka bodi, kwenda ndani, kwenda rimu, kwenda injini, na mwisho sakafuni.

Za kufufua na za kutupa

Zile taulo zetu za Tabata hatukuzitupa zote. Tulizigawa mafungu mawili kwa majaribio. La kwanza tulililoweka kwenye siki pekee. Zilipungua ukakamavu, ila ziliendelea kusukuma maji. La pili tuliliweka saa nzima kwenye maji ya nyuzijoto 50 hivi na sabuni ya vyombo, tukasuuza mara nne, kisha siki, kisha suuzo la maji ya mvua. Nyingi zilirudi kunywa maji. Funzo la ufundi hapo ni mpangilio: mafuta ya kilainisha yatoke kwanza, chokaa baadaye, kwa sababu siki haiwezi kufikia chokaa iliyofunikwa na mafuta.

Namna ya kujua imerudi, mbali na kile kijiko cha maji: pitisha kiganja kikavu juu yake. Ikikushika ngozi, ile hali ya kukwama kwama inayowaudhi wengine, nyuzi ziko wazi. Ikiteleza kama hariri, bado kuna kitu kimebaki.

Kundi moja halifufuki, nalo ni taulo zilizofuta seramiki, ile dawa ya kukinga rangi inayoganda kama kioo. Inaganda juu ya klia, na inaganda vilevile ndani ya taulo, punje ngumu usizoziona. Wapo wanaotumbukiza taulo hizo kwenye maji ya sabuni papo hapo kabla dawa haijakauka, na kwa kazi ya rimu nakubali. Lakini kwa bodi, kijana wangu ana maagizo ya kuzikata kona mara tu gari linapokamilika, ili hata zikifuliwa kwa bahati mbaya zikarudi kwenye rafu, mkono wa mtu yeyote uzitambue gizani.